Hatua Arobaini

Wahenga walinena kuwa mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hii hufundishwa tangu madarasa ya chini, na wanafunzi huikariri bila kuiuliza swali. Lawama yake yote humwendea mgonjwa: yeye ndiye mfichaji, yeye ndiye mkaidi, yeye ndiye atakayeumbuliwa. Lakini yako maradhi yasiyofichwa na mtu. Hufichwa na nyumba, na uchochoro, na mtaro wa maji machafu, na kufuli la choo. Jambo hili mwanafunzi mmoja wa Kiswahili alilijua mwezi wa Novemba mwaka wa 2019, si darasani wala maktabani, bali katika mtaa wa Obunga, jijini Kisumu, kando ya kitanda cha nyanya yake mzaa baba.

Mgeni anayeitazama Obunga kwenye ramani hawezi kudhani kuwa wakazi wake wako mbali na matibabu. Mtaa huo uko kaskazini mwa kitovu cha jiji, jirani na Kondele na eneo la viwanda. Hospitali kubwa ya rufaa, ambayo wenyeji hadi leo huiita "Russia" kwa kuwa ilijengwa kwa msaada wa Muungano wa Kisovieti na kufunguliwa mwaka wa 1969, haiko mbali. Jina lake rasmi siku hizi ni Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga. Hospitali ya kaunti iko katikati ya mji. Zahanati na vituo vya afya, vya umma na vya watu binafsi, havikosekani. Kijana mwenye miguu mizima hufika katika mojawapo ya hivyo asubuhi na kurudi nyumbani kabla ya adhuhuri. Mzee wa Turkana, ambaye pengine hulazimika kutembea kutwa nzima kuitafuta zahanati, angemwonea mzee wa Obunga wivu. Hata hivyo, ramani huonyesha mahali vitu vilipo. Haionyeshi jinsi ya kuvifikia.

Ili kuelewa njia za Obunga, yafaa kurejelea historia ya mji wenyewe. Kisumu ilizaliwa na reli, iliyofika ziwani mwaka wa 1901. Mji wa kikoloni ulipangwa kwa ajili ya watawala na wafanyabiashara, na Waafrika wengi waliishi nje ya mpaka wake, katika mashamba ya koo zilizokuwapo tangu zamani. Mapema katika miaka ya 1970, mpaka wa manispaa ulisukumwa nje, na vijiji hivyo vikajikuta mjini bila ya kuhama. Ndiyo asili ya mkanda wa mitaa inayouzunguka mji: Nyalenda, Manyatta, Bandani na Obunga. Tofauti na Kibera ya Nairobi, iliyoota kwenye ardhi ya serikali, sehemu kubwa ya ardhi ya mitaa hii ina wenyewe. Baba aliwagawia wanawe, wana wakawagawia wana wao, na kila mmoja akajenga vyumba vya kupangisha hadi ukingoni mwa kipande chake. Barabara haikuachiwa nafasi, kwa kuwa hakuna aliyetakiwa kuiacha. Kilichobaki kati ya ukuta na ukuta ndicho kilichokuwa njia. Watu wawili wakikutana hapo, mmoja sharti ageuke ubavu. Gari la wagonjwa haliwezi kupita. Huishia barabarani na kupiga king'ora kama mgeni anayebisha hodi asijue mlango uko wapi.

Katika mojawapo ya vipande hivyo, chenye vyumba kumi vya udongo vilivyoezekwa mabati, ndimo alimoishi ajuza huyo. Majirani walimwita Nyaseme, kwa kuwa alizaliwa Seme, kama ilivyo desturi ya Wajaluo ya kumwita mwanamke kwa nchi ya kwao. Alifika Obunga miaka ya 1970 akimfuata mumewe, kibarua wa reli ambaye kwao kulikuwa Alego. Mume alipofariki, Nyaseme hakurudi Alego. Alikuwa na watoto wa kusomesha, na kulikuwa na kazi iliyokuwa ikiingia mtaani wakati huo huo, kazi ambayo imeipa Obunga jina kote ziwani.

Kazi hiyo ni ya mgongo wazi. Samaki aina ya mbuta alitiwa katika Ziwa Viktoria miaka ya 1950, akazaana, na kufikia miaka ya 1980 viwanda vya kuchuna minofu vikawa vimeota Kisumu. Mnofu ulipakiwa kwenye barafu na kusafirishwa hadi Ulaya. Kichwa, mifupa na vijinyama vilivyoshikilia uti wa mgongo vilibaki kiwandani, na wanawake wa Obunga wakavinunua, wakavianika juani, wakavikaanga kwa mafuta na kuviuza. Ndiyo mboga ya watu ambao bei ya samaki mzima imewashinda. Kiswahili kilimpa samaki huyo aliyevuliwa nyama jina lisilohitaji maelezo. Kwa miaka thelathini Nyaseme aliinamia karai la mafuta, macho yakiwa yamejaa moshi wa kuni, mgongo ukipinda kidogo kila mwaka. Alisomesha watoto wanne kwa karai hilo. Watoto watatu aliwazika, katika miaka ile ambayo UKIMWI ulikuwa ukiteketeza nyumba za Nyanza, na miongoni mwao alikuwa baba wa mwanafunzi huyu. Mama yake alifuata mwaka uliofuata. Kijana akalelewa pembeni mwa karai lile lile, akasoma kwa taa ya koroboi, akaingia chuo kikuu.

Alipokuwa na umri wa miaka 71, Nyaseme aliambiwa ana shinikizo la damu. Hakulificha. Alimwambia mjukuu, akawaambia majirani, akawaambia hata wateja wake. "Presha imeniingia," alisema, kama mtu anayetangaza kuja kwa mgeni asiyealikwa. Alipewa dawa za aina mbili na siku ya kurudi kliniki kila mwezi. Katika kituo kimoja cha afya mjini jina lake likaandikwa daftarini.

Ilipofika mwaka wa 2019, mtu angeweza kusema kuwa kizuizi cha mwisho kati ya Nyaseme na tiba kimeondolewa. Tangu miaka ya 1990 kikwazo kilichotajwa daima kilikuwa pesa. Mwaka wa 2004 ada ya zahanati na vituo vya afya ilipunguzwa hadi shilingi 10 na 20. Mwaka wa 2013 ikafutwa. Kisha mwezi wa Desemba mwaka wa 2018 serikali ilizindua hapo hapo Kisumu majaribio ya mpango wa afya kwa wote, ulioitwa Afya Care, katika kaunti nne: Kisumu, Nyeri, Isiolo na Machakos. Katika kaunti hizo hata ada za hospitali za umma ziliondolewa. Nyaseme alisajiliwa. Kadi yake aliifunga katika kitambaa pamoja na kitambulisho, akaiweka chini ya mto.

Matibabu yakawa bure. Njia haikuwa bure.

Siku ya kliniki ilianza gizani. Chumba chake kilikuwa cha mwisho katika safu, upande wa chini wa kipande, mahali ambapo maji ya mvua ya vyumba vyote tisa hukutana. Alipotoka mlangoni alivuka mtaro kwa ubao mmoja. Magoti yake yalikuwa yamechoka, na ubao ulikuwa ukiteleza. Alipanda uchochoro akiishika kuta kwa viganja, kuta za watu wengine, akiomba radhi kwa kila mlango uliofunguka. Pikipiki za bodaboda huingia Obunga, lakini mvua ikinyesha hazishuki huko chini. Humsubiri abiria barabarani. Kwenda na kurudi kulimgharimu shilingi 200, ambazo ni faida ya siku nzima ya karai. Kituoni kulikuwa na foleni, na foleni haimjui mzee. Alirudi alasiri, karai likiwa limelala baridi, na siku hiyo hakuna kilichouzwa.

Kwa mtu wa miaka 30, hayo yote ni usumbufu. Kwa mtu wa miaka 74, kila kimoja ni hesabu. Na Nyaseme, aliyekuwa mjuzi wa hesabu za karai, alihesabu. Mwezi wa Agosti alikwenda. Mwezi wa Septemba alimtuma jirani amchukulie dawa, jirani akaambiwa mgonjwa aje mwenyewe apimwe. Mwezi wa Oktoba mvua za vuli, ambazo mwaka ule zilikuwa nzito kupita kiasi katika Afrika Mashariki yote, ziliufurika mtaro, na ubao ukachukuliwa na maji. Hakwenda.

Usiku mmoja wa mwezi wa Novemba, jirani wa chumba cha tisa alisikia kishindo. Alimkuta Nyaseme sakafuni, mdomo umepinda, mkono wa kushoto hausikii. Mvua ilikuwa ikinyesha. Walipiga simu ya gari la wagonjwa, wakaulizwa gari liingilie wapi. Hapakuwa na jibu. Hivyo vijana wa mtaa, baadhi yao wale ambao wakubwa huwaita wahuni, waliuleta mkokoteni unaotumika kubebea mgongo wazi kutoka kiwandani, lakini nao haukupita kati ya kuta. Wakaung'oa mlango wa chumba chake, wakamlaza juu yake, wakambeba mabegani kwa zamu, kiguu na njia hadi barabarani, ambako tuktuk ilikuwa ikingoja. Mjukuu alipata habari alfajiri, akiwa bwenini. Alipofika hospitalini, ule mlango wa mbao ulikuwa umeegemezwa ukutani nje ya wodi, ukidondoka maji, na vijana wawili wamelala juu ya benchi karibu nao wakiulinda.

Nyaseme hakufa. Kiharusi kilimwachia usemi wake, ingawa uzito fulani ulibaki ulimini, na kilimwachia mkono mmoja. Siku ya tatu muuguzi alikuja na kitabu chake.

"Nyanya, dawa za presha ulikuwa unameza?"

"Nilikuwa nameza."

"Zote mbili?"

Ajuza alitazama dirisha. Muuguzi aliandika kitu, akaondoka. Kwa mwuguzi, na kwa yeyote ambaye angekisoma kitabu kile, ukweli ulikuwa bayana: mgonjwa hakufuata maagizo. Mficha maradhi alikuwa ameumbuliwa.

Jioni, wodi ilipotulia, mjukuu alivuta kiti.

"Dana," alimwita, kama Wajaluo wanavyowaita nyanya zao, "ni dawa gani hukumeza?"

"Ile ndogo nyeupe."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia nini, nyakwara? Kwamba naogopa choo?"

Kisha akamweleza, polepole, kwa ule ulimi uliokuwa mzito. Dawa ile ndogo nyeupe ilikuwa ya kutoa maji mwilini. Aliyeimeza alikwenda haja ndogo mara kwa mara. Kituoni aliambiwa aimeze asubuhi. Lakini asubuhi alikuwa karaini, na karibu na karai hapakuwa na choo ila kile cha kulipia, shilingi 10 kila mara. Mara tano kwa siku ni shilingi 50. Akajaribu kuimeza jioni. Usiku ukawa mbaya zaidi. Choo cha kipande kilikuwa upande wa juu, kwa kuwa huku chini shimo likichimbwa hujaa maji. Kilikuwa na kufuli, na ufunguo ulikaa kwa mama wa chumba cha tatu, ili watu wa nje wasikichafue.

"Nimgongee mama mwenye watoto wachanga mara nne usiku? Kwa mvua ile? Na ubao haupo?"

"Ungetumia ndoo, Dana."

"Nilitumia. Asubuhi nani ataibeba hadi juu? Kwa magoti haya? Nikaona ni heri niache dawa. Na maji ya kunywa nikayapunguza."

Hakulia. Alisema hayo kwa aibu ya mtu anayekiri kosa, na aibu hiyo ndiyo iliyomchoma mjukuu kuliko mkono uliolala juu ya shuka. Kwa miezi kadhaa alikuwa amempigia simu kila Jumapili, na kila Jumapili alikuwa amemwuliza swali lile lile la muuguzi: umemeza dawa? Hakuwahi kumwuliza choo kiko wapi. Naye aliishi katika kipande kile miaka kumi na minane. Alikijua choo, alikijua kufuli, aliujua ubao. Alivijua kwa miguu ya kijana.

Aliporudi Obunga kesho yake kumchukulia nguo, alisimama katika uwazi uliokuwa na mlango na kuanza kutembea, akihesabu. Kutoka chumba cha mwisho hadi choo zilikuwa hatua arobaini. Alizihesabu mara ya pili akijilazimisha kuburuta miguu na kuishika ukuta. Zikawa tisini na mbili.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo hili. Daktari aliyeiandika dawa ile hakukosea. Ni dawa ya kawaida kwa maradhi hayo, ya bei nafuu na yenye manufaa. Muuguzi hakukosea. Serikali iliyoondoa ada haikukosea. Wala Nyaseme hakukosea, ukiipima akili yake kwa mizani ya mahali alipoishi. Lakini kila tiba huandikwa kwa kudhania nyumba fulani. Dawa ya kutoa maji hudhania choo kilicho karibu. Dawa ya kumezwa baada ya chakula hudhania chakula. Insulini hudhania mahali penye baridi pa kuihifadhi. Tarehe ya kurudi kliniki hudhania njia. Nyumba hiyo ya kudhaniwa haiandikwi katika karatasi ya daktari, na mgonjwa asiyekuwa nayo hudhani kuwa upungufu ni wake. Kijana huweza kuziba pengo hilo kwa misuli yake: ataruka mtaro, atabeba ndoo, atapanga foleni mara mbili. Mzee ameishiwa na kitu hicho hasa cha kuzibia. Ndiyo sababu mtaa ule ule, kwa umbali ule ule, uko karibu na hospitali kwa mjukuu na mbali kwa nyanya yake.

Kikao cha jamaa kilifanyika juu ya benchi la hospitali. Baba mdogo wa mwanafunzi, mwana pekee wa Nyaseme aliyesalia, alikuwa amefika kutoka Alego. Neno lake lilikuwa fupi: "Mama arudi nyumbani. Mji si mahali pa kuzeekea." Na alikuwa na haki ya kulisema. Kwa desturi, mtu mzima huzeekea katika boma lake, karibu na kaburi la mumewe, ili siku ikifika asisafirishwe kwa gharama. Alego kulikuwa na nyumba, hewa safi, na choo hatua kumi kutoka mlangoni, bila kufuli. Tena jina la Nyaseme katika orodha ya Inua Jamii, mpango wa serikali ambao tangu mwaka wa 2018 umewapa wazee wa miaka 70 na zaidi shilingi 2,000 kwa mwezi, lilikuwa limeandikishwa huko huko, kwa chifu wa Alego. Machoni pa mji, mzee ni mtu wa kijijini aliyechelewa kuondoka. Machoni pa kijiji, ni mtu wa mji asiyetaka kurudi.

Mjukuu alipinga kwa adabu. Alego choo kiko karibu, lakini mashine ya kupimia presha iko wapi? Zahanati iko umbali wa kilomita kadhaa za barabara ya udongo, na hospitali iko Siaya. Akipatwa tena usiku, atapelekwaje? Baba mdogo hakuwa na jibu, kama yule mjukuu asivyokuwa na jibu la choo. Wote wawili waligundua kuwa walikuwa wakichagua kati ya pahali penye nyumba bila hospitali na pahali penye hospitali bila nyumba.

Hatimaye walikumbuka kumwuliza mwenyewe.

"Alego nitalala vizuri," Nyaseme alisema. "Lakini nikianguka nani atanibeba? Huku walinibeba. Waliung'oa mlango wakanibeba."

Baba mdogo aliinamisha kichwa. Mlango ulikuwa bado pale nje.

Katika Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010, Ibara ya 43 inampa kila mtu haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa, na Ibara ya 57 inataka wazee waishi kwa heshima na utu, na wapate matunzo yafaayo kutoka kwa jamaa zao na kwa dola. Ni maneno mazuri, na si Kenya peke yake iliyoyasema. Tanzania ilitoa sera ya taifa ya wazee mwaka wa 2003, na Zanzibar ilianza mwaka wa 2016 kumlipa kila mkazi wa miaka 70 na zaidi shilingi 20,000 za Tanzania kila mwezi, awe aliajiriwa au hakuajiriwa. Sera hizi zote humtazama mzee kama umri na kama mfuko. Ni nadra kumtazama kama mtu anayelala mahali fulani.

Hata mageuzi ya hivi karibuni yanaionyesha kasoro hiyo kwa namna ya ajabu. Tangu Oktoba 2024, ile Hazina ya Kitaifa ya Bima ya Hospitali iliyoasisiwa mwaka wa 1966 imeipisha Mamlaka ya Afya ya Jamii. Wasio na ajira rasmi huulizwa maswali juu ya makazi yao: ukuta ni wa nini, paa ni la nini, choo ni cha aina gani. Kwa mara ya kwanza dola imebisha hodi na kuuliza habari za choo cha Nyaseme! Lakini imeuliza ili kukadiria mchango atakaotoa. Jibu lile lile lingalikuwa na thamani kubwa zaidi mezani pa daktari.

Lililofanyika kwa Nyaseme halikuhitaji sheria. Mwenye nyumba alikubali ahamishwe kutoka chumba cha mwisho hadi chumba cha tano. Mkazi wa chumba hicho, fundi mwashi aliyekuwa mmoja wa waliobeba mlango, alikubali kushuka chini. Yeye, alisema, usiku halali nyumbani sana. Kodi ya chumba cha tano ilizidi kwa shilingi 500, na mjukuu akazikata katika mkopo wake wa HELB, akala maharagwe muhula mzima. Ufunguo wa kufuli ulichongwa wa pili, ukafungwa uzi na kutundikwa msumarini ndani ya mlango. Mwashi aliweka vipande vya mbao ukutani vya kushikilia mkono. Zikawa hatua kumi na saba, bila mtaro. Karai aliachiwa jirani. Dawa ndogo nyeupe ikarudi, ikawa inamezwa asubuhi.

Kliniki ilibaki kuwa mbali kwa miaka mingine minne. Kisha mwaka wa 2023 serikali iliwapa wahudumu wa afya ya jamii, ambao kabla ya hapo walijitolea karibu mikono mitupu, mikoba yenye vifaa vya kupimia presha na sukari, kila mmoja akiwa na kaya zake za kuzuru. Mhudumu wa sehemu ile ni mama wa makamo ambaye zamani alikaanga mgongo wazi karaini kwa Nyaseme. Siku moja aliinama chini ya mabati, akavua viatu vyenye matope, akafungua mkoba, akaufunga mkono wa kulia wa ajuza kwa kile kitambaa cha kupimia. Kwa mara ya kwanza hospitali ilikuwa imepita uchochoroni ikigeuka ubavu kama watu wengine.

"Nyanya, dawa unameza?" aliuliza.

"Nameza."

"Zote mbili?"

"Zote mbili. Si sasa choo kiko karibu?"

Mhudumu alicheka, kwa kuwa alikijua choo cha zamani. Aliandika tarakimu zake daftarini. Mwanafunzi, ambaye wakati huo alikuwa tayari mwalimu wa Kiswahili katika shule ya upili, alikuwa ameketi kizingitini akisahihisha insha. Mada aliyokuwa amewapa wanafunzi wake ilikuwa methali, ile ile ya mficha maradhi. Wengi walikuwa wameandika kuhusu mtu mkaidi aliyeficha ugonjwa wake hadi akafa, na walikuwa wameandika vizuri. Aliwapa alama zao. Kisha, chini ya kila insha, kwa wino mwekundu, aliandika swali moja: Mtu huyu aliishi wapi?